Dakika Tatu za Kusimama

Mgonjwa amelala chali, na kwa dakika tano hakuna anayemsemesha. Mkono umenyooshwa usawa wa moyo, mkanda wa kipimo cha presha umezungushwa juu ya kiwiko, na muuguzi ameketi pembeni akiangalia saa. Foleni nje ni ndefu. Mzee huyo mwenye ugonjwa wa Parkinson ameletwa na binti yake kwa ajili ya mkono unaotetemeka na miguu inayoburura, na hakuna kati yao aliyetaja presha. Ukichungulia mlangoni utadhani kazi imesimama. Kumbe ndiyo imeanza: bila utulivu huo namba ya kwanza itakuwa imepima ngazi alizopanda na msukumano wa kwenye daladala.

Kisha anaambiwa, "Simama taratibu, mzee wangu. Ukiona giza, sema." Anasimama. Anapimwa baada ya dakika moja, halafu anaachwa hapohapo, bila kuegemea ukuta wala kutembea, mpaka dakika ya tatu, anapimwa tena. Dakika tatu za kusimama tuli ni ndefu kuliko zinavyosikika. Muuguzi anayeijua kazi yake huzitumia kumtazama mtu: rangi ya midomo, jicho linalopoteza shabaha, jibu linalochelewa, mkono unaopanda wenyewe kukanda shingo na mabega. Maumivu hayo ya shingo na mabega yanayokuja mtu akisimama na kuondoka akilala huwa ni misuli inayolilia damu, na wagonjwa wengi huyasingizia mto mbaya.

Tunaposimama, kati ya nusu lita na lita nzima ya damu huteremka kuelekea tumboni na miguuni. Mwenye afya hata hajui. Vihisio vilivyomo kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na juu ya moyo hung'amua mshuko huo papo hapo, habari hufika kwenye shina la ubongo, amri hurudi kupitia neva, noradrenalini humwagwa kwenye kuta za mishipa, mishipa hujibana, moyo huongeza kasi, na damu huendelea kufika kichwani kama maji yanavyofika ghorofa ya tano pampu ikiwa nzima. Neva hizi zinazojiendesha ndizo zinazosimamia moyo, utumbo, kibofu, jasho, mate, mboni ya jicho na mambo ya chumbani, usiku na mchana, bila kumtaka mwenye mwili ushauri. Katika Parkinson, na zaidi katika ndugu yake mkali aitwaye kwa kifupi MSA, ambaye hula mifumo kadhaa ya ubongo kwa pamoja na kwa kasi, neva hizo hudhoofika mwaka hadi mwaka. Amri haifiki, au hufika imechelewa na imepungua nguvu.

Wataalamu walikubaliana mwaka 1996, wakarudia makubaliano yao mwaka 2011, kwamba ikiwa ndani ya dakika tatu za kusimama namba ya juu imeshuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi mshuko huo unahesabika. Kwa mtu ambaye presha yake akiwa amelala tayari iko juu, wanataka mshuko wa 30, kwa kuwa aliye juu ana pengo refu zaidi la kuangukia.

Lakini jicho la fundi halikai kwenye presha peke yake. Linahamia kwenye mapigo ya moyo, safu ambayo watu wengi huijaza kwa mazoea tu. Chukua mama aliyeharisha tangu jana. Akisimama, presha yake inashuka kwa 30, na moyo wake unakimbia kuokoa hali: mapigo yanapanda kwa 30. Gawanya mapigo kwa mshuko, unapata 1. Sasa mchukue mzee wetu. Presha imeshuka kwa 40, mapigo yamepanda kwa 8. Unapata 0.2. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba uwiano ulio chini ya 0.5 huelekeza kidole kwenye neva, mradi mgonjwa hatumii dawa za kupunguza mapigo wala hana kifaa cha kuendesha moyo. Mama anahitaji maji na chumvi. Mzee ana moyo mzima ambao haukupewa habari. Kuwatofautisha kumehitaji kitanda, mkanda, saa na hesabu ya darasa la tano. Sijui vipimo vingi vya hospitali vinavyotoa kingi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Ajabu ni kwamba mambo haya yalionekana mapema, yakasahaulika. James Parkinson, daktari wa mtaa wa Hoxton, London, alipoandika kijitabu chake mwaka 1817 kuhusu watu sita, baadhi yao akiwa amewaona tu wakipita barabarani, hakuishia kwenye mtetemeko. Aliandika pia juu ya matumbo yanayozidi kuwa mazito hadi choo kuhitaji msaada, na juu ya mate yanayotiririka. Kisha kwa zaidi ya karne macho ya madaktari yakaganda kwenye mkono unaotetemeka, kwa kuwa mkono unaonekana na utumbo hauonekani. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Bradbury na Eggleston, walieleza wagonjwa watatu waliokuwa wakizirai kila waliposimama. Kinachonivutia katika maelezo yao ni yale waliyoyakusanya pembeni ya kuzirai: kwamba mapigo hayakubadilika, kwamba wagonjwa hawakutoka jasho, kwamba joto la kiangazi liliwazidishia taabu. Mtu mwingine angeandika kuzirai na kufunga faili. Mwaka 1960 Shy na Drager walionyesha kwamba kuzirai kwa namna hiyo kunaweza kuambatana na uharibifu ndani ya ubongo wenyewe, na mwaka 1969 Graham na Oppenheimer wakaupa ugonjwa huo jina la MSA linalotumika hadi leo.

Utumbo nao ulipata haki yake baadaye. Katika kundi la wanaume waliofuatiliwa kwa miaka mingi huko Honolulu, ripoti ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba wasiopata choo hata mara moja kwa siku walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kupata Parkinson kuliko waliokwenda kila siku. Miaka miwili baadaye Heiko Braak na wenzake nchini Ujerumani walionyesha, kwa kuchunguza ubongo wa marehemu, kwamba uharibifu huonekana mapema kwenye kiini cha neva ya vagasi, ile inayoshuka hadi tumboni, kabla ya kufika sehemu inayoendesha mwendo. Kwa hiyo mzee anayelalamikia choo kigumu leo huenda anaeleza sura ya kwanza ya kitabu ambacho familia yake imekifungua katikati.

Presha unaweza kuipima kwa mkanda. Je, kushiba kabla ya kula? Kuamka mara nne usiku? Udenda kwenye mto? Hapa chombo pekee ni swali, na swali ni chombo kinachoharibika upesi kuliko mkanda wowote. Mwaka 2004 watafiti wa Leiden, Uholanzi, wakiongozwa na Martine Visser, walichapisha dodoso liitwalo SCOPA-AUT. Ni kitu cha kawaida kabisa kukitazama: maswali 25, kila moja na majibu manne yanayoanzia "kamwe" hadi "mara nyingi", yenye alama 0 hadi 3. Nimelisoma mara nyingi kuliko yanavyostahili makaratasi ya hospitali, na kila nikilirudia naona mahali pengine ambapo mtu aliketi akafikiri.

Kwanza, jinsi lilivyopatikana. Watafiti hawakuyatunga maswali ofisini wakamaliza. Waliwaandikia barua wagonjwa 46 wa Parkinson, wagonjwa 21 wa MSA na wataalamu 8, na tatizo likaingia kwenye orodha kama linatokea mara nyingi, au linamtesa mgonjwa, au lina uzito kitabibu. Hizo "au" mbili zimebeba mzigo mkubwa. Kama kigezo kingekuwa wingi peke yake, kuzirai kungetupwa nje, maana si wengi wanaozirai. Kama kingekuwa mateso peke yake, mwanga unaoumiza macho ungepotea. Baada ya hapo dodoso lilijaribiwa kwa wagonjwa 140 na watu 100 wasio na ugonjwa huo, na wagonjwa 55 wakajibu mara mbili ili ionekane kama majibu yanasimama au yanayumba. Yalisimama.

Mgawanyo wake ni huu: maswali saba ya njia ya chakula kuanzia kumeza hadi haja kubwa, sita ya haja ndogo, matatu ya kusimama na kuzirai, manne ya jasho na joto, moja la macho, mawili ya tendo la ndoa kwa wanaume na mawili kwa wanawake. Jumla 25, lakini hakuna mtu anayejibu yote 25. Kila mmoja hujibu 23, na 23 mara 3 ni 69, ndiyo maana alama ya juu kabisa ni 69, namba inayowashangaza wanaoliona dodoso kwa mara ya kwanza.

Pili, maneno yenyewe. Ukimuuliza mtu kama amefunga choo, kila mtu ana kipimo chake. Yupo anayeona siku moja bila choo ni msiba, na yupo anayekaa siku nne akasema hajambo. Dodoso linaweka mpaka: mara mbili kwa wiki au pungufu. Ukimuuliza kama anakwenda haja ndogo mara nyingi, atakuuliza nyingi ni ngapi. Dodoso linauliza kama amelazimika kurudi chooni kabla ya saa mbili kupita. Maswali yote yanahusu mwezi uliopita, muda ambao mtu anaweza kuukumbuka bila kubuni, isipokuwa kuzirai, ambako linarudi nyuma miezi sita. Sababu iko wazi ukifikiri: kuzirai ni adimu, na hakusahauliki. Mwenye mpira wa mkojo naye amewekewa kisanduku chake, ili asilazimike kudanganya kwa kujibu "kamwe" kwenye swali ambalo mwili wake haulijibu tena.

Swali ninalolipenda zaidi ni la kusimama. Haliulizi kizunguzungu tu. Linauliza kama mtu akisimama kichwa kinakuwa chepesi, au macho hayaoni sawasawa, au mawazo yanakosa uwazi. Yeyote aliyewahi kukaa na wazee wenye tatizo hili anajua kwa nini. Wengi hawana kizunguzungu, wana ukungu. Wanasimama kwenda kufungua mlango, wakifika katikati ya sebule hawajui walikuwa wanakwenda wapi, wanakaa, akili inarudi. Nyumbani huitwa usahaulifu wa uzee. Kisha linakuja swali la pili linalofanana na la kwanza, na msomaji wa haraka atadhani limerudiwa kwa makosa: je, hali hiyo hutokea baada ya kusimama kwa muda? Kuna watu ambao presha yao hushikilia kwa dakika tatu zote, wakashinda kipimo cha muuguzi, halafu ikateremka taratibu wakiwa kwenye foleni ya benki au katikati ya ibada. Mkanda ungewakosa. Swali linawanasa.

Tatu, ni suala la aibu, na hapa naona karatasi inashinda mdomo. Kwetu mgonjwa mzee haendi hospitali peke yake. Anaye binti, mkwe, au mjukuu wa kiume anayeshika bahasha ya vipimo. Utamuuliza vipi bibi mbele ya mkwe wake wa kiume kama hushindwa kuzuia haja kubwa? Utamuuliza vipi babu, mbele ya mjukuu, juu ya uume wake? Atajibu hapana kwa heshima, na heshima hiyo itaingia kwenye faili kama afya. Muuguzi mjuzi huwatuma ndugu wakachukue dawa dirishani, au humpa mgonjwa karatasi na kalamu na kugeukia kabati. Kwa asiyesoma, au ambaye mkono wake hauwezi tena kutia alama, muuguzi husoma mwenyewe kwa sauti ya chini, kwa mpangilio uleule, asiruke maswali ya aibu wala asiyaongezee kicheko. Maswali ya chumbani yana pia jibu la "hainihusu", kwa mjane, kwa mseja, kwa aliyeamua. Katika utafiti wa Leiden, matatizo ya sehemu zote yaliongezeka kadiri ugonjwa ulivyoendelea, isipokuwa hayo ya tendo la ndoa. Mimi nashuku kwamba hapo umri, aibu na upweke vilichanganyika na ugonjwa kiasi cha kutotenganishika, na naheshimu kwamba walichapisha matokeo hayo bila kuyapamba.

Nina ugomvi mmoja na dodoso hili, na ni ugomvi na jumla yake. Mtu mwenye alama 12 kutokana na mate, kumeza na choo, na mwenzake mwenye 12 ambaye sehemu kubwa imetoka kwenye kusimama na kuzirai, wana namba moja na hatari mbili tofauti. Yule wa pili anaweza kuvunjika nyonga kesho asubuhi. Jumla inafaa kwa mtafiti anayelinganisha makundi. Kwa mgonjwa mmoja soma sehemu kwa sehemu. Tena soma ukijua kinachoweza kukudanganya. Tezi dume iliyovimba humwamsha mzee usiku kama Parkinson inavyomwamsha, na kisukari nacho hula neva hizihizi. Dawa za kibofu hukausha mate. Na lile swali la kushindwa kuvumilia joto, mwulize mkazi wa Dar es Salaam mwezi Februari uone kama utampata mtu mwenye alama sifuri.

Kuna madodoso mengine. Mayo Clinic ya Marekani ilianza mwaka 1999 na wasifu wa maswali 169 unaogusa magonjwa yote ya neva hizi, na mwaka 2012 wakaupunguza hadi maswali 31. Kutoka 169 hadi 31 ni miaka 13 ya kufuta, na yeyote aliyewahi kuhariri maandishi yake mwenyewe anajua hiyo ni kazi ya namna gani.

Mahali penye mashine, ufundi unakuwa wa aina nyingine. Mgonjwa anaombwa apulize kwenye mrija mpaka mshale usome milimita 40 za zebaki, na aushikilie hapo kwa sekunde 15. Ni zoezi la Antonio Maria Valsalva wa Bologna, aliyelieleza mwaka 1704 katika kitabu chake juu ya sikio. Alitaka kusukuma usaha utoke, na moyo haukuwamo katika mawazo yake. Wakati mgonjwa anapuliza, kifua kinabana, damu inayorudi moyoni inapungua, presha inashuka. Kwa mwenye neva nzima, baada ya sekunde chache mstari wa presha unaacha kushuka na kuanza kupanda, mishipa ikiwa imejibana huku mtu bado anapuliza. Akiachia, presha inadondoka kidogo, kisha inaruka juu kupita ilipoanzia, na moyo unapunguza kasi kwa mshtuko wa damu hiyo. Mlima mdogo, bonde, mteremko uliokatishwa, kilele. Kwa mgonjwa wetu mstari unashuka na kuendelea kushuka, na akiachia hakuna kilele. Presha inajikokota kurudi mahali pake. Anayesoma mistari hii kila siku huona tofauti kabla ya kompyuta kutoa namba.

Mistari hiyo isingeonekana kwa mkanda wa mkononi, unaopima mara moja kwa dakika. Tunaiona kwa sababu ya Jan Peňáz wa Brno, Chekoslovakia ya wakati ule, aliyewasilisha mwaka 1973 njia ya kupima presha kwenye kidole, pigo kwa pigo. Mkanda mdogo huzungushwa kidoleni, ndani yake mna taa. Mwanga unaopita huonyesha damu ilivyo nyingi kwenye mshipa, na hewa ndani ya mkanda huongezwa na kupunguzwa kwa haraka mno ili wingi huo usibadilike hata kidogo. Nguvu inayohitajika kuuzuia mshipa usitanuke, hiyo ndiyo presha. Nimefikiri sana juu ya werevu wa njia hii: anapima kwa kumzuia anayepimwa asisogee, na kuhesabu ni jitihada kiasi gani zimetumika kumzuia.

Jasho nalo hupimwa. Mgonjwa hupakwa mwili mzima unga wa rangi ya chungwa, kisha huingizwa kwenye chumba chenye joto la nyuzi 45 hadi 50. Jasho linapotoka unga hugeuka zambarau. Mwisho wake ni ramani: hapa zambarau, hapa chungwa, kifua kimetoa jasho na tumbo limekataa. Ramani hiyo hupigwa picha na eneo kavu kuhesabiwa kwa asilimia. Baada ya hapo kuna kuoga kwa muda mrefu.

Namba za mashine na majibu ya karatasi mara nyingi hazikubaliani. Yupo anayeshuka kwa 40 na kusema hajambo, anaulizia chai. Yupo anayeshuka kwa 15, chini ya mpaka wa wataalamu, na anashika ukuta. Kishawishi cha mwenye papara ni kuchagua mmoja wa kuamini: aliye na imani na mashine husema mgonjwa hajielewi, na aliye na imani na mgonjwa husema mashine haina kazi. Utafiti mmoja wa mwaka 2015 kwa wagonjwa wa Parkinson ulisaidia kueleza: kilichoamua kama mtu anahisi ni mahali presha ilipofikia kuliko urefu wa mshuko, na wale ambao wastani wa presha yao wakiwa wamesimama ulishuka chini ya 75 ndio walioona dalili. Aliyeanzia juu anaweza kushuka sana na bado akabaki na damu ya kutosha kichwani. Lakini hata baada ya maelezo hayo wanabaki wasioingia kwenye kanuni, na mpimaji mzuri huandika yote mawili, namba na maneno ya mgonjwa, bila kulisafisha moja lifanane na jingine.

Huandika na saa pia. Mgonjwa huyuhuyu saa mbili asubuhi, kabla ya chai, anaweza kushuka vibaya, kwa kuwa usiku kucha figo zake zimetoa maji mengi. Baada ya mlo mkubwa wa wali damu hukimbilia utumboni na presha huanguka akiwa ameketi mezani. Saa moja baada ya kidonge cha levodopa huweza kushuka tena, maana dawa hiyo inayolegeza misuli iliyokakamaa hulegeza na presha. Na usiku, akilala chali, presha hiyohiyo inaweza kupanda hadi mahali pa kutisha. Daktari anayempima mchana ameketi tu, kama tunavyopimwa sote, anaweza kumwandikia dawa ya kushusha presha mtu ambaye tatizo lake ni kuanguka. Ndiyo maana familia nyingine hupewa kipimo waende nacho nyumbani, na daftari lenye safu nne: saa, kulala, kusimama, alikuwa anafanya nini. Daftari la namna hiyo la wiki moja, limeandikwa na binti kwa kalamu mbili za rangi tofauti, huwa na habari kuliko ziara kadhaa za kliniki.

Vipimo hivi pia hutenganisha magonjwa yanayofanana. Vigezo vya MSA vilivyochapishwa mwaka 2022 vinataka, pamoja na mengine, ama mshuko wa presha wa neva ndani ya dakika tatu za kusimama, ama kibofu kinachobakiza mililita 100 au zaidi baada ya mtu kukojoa, au kushindwa kuzuia mkojo kwa hamu ya ghafla, kusikoelezeka kwa sababu nyingine. Mililita 100 ni chini ya nusu ya kikombe cha chai. Kipimo hicho hufanywa kwa picha ya mawimbi ya sauti, na humlazimu mtu kumsubiri mgonjwa atoke chooni kisha ampime mara moja, kabla kibofu hakijaanza kujaa upya.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita kaya kwa kaya wakiwatafuta wenye Parkinson, na katika ripoti yao ya mwaka 2008, kati ya watu zaidi ya 160,000, walipata 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Kwa watu kama hao chumba cha nyuzi 50 na mkanda wa kidoleni ni hadithi za mbali, lakini kitanda, mkanda wa presha na saa vipo kwenye zahanati nyingi, na maswali 25 hayahitaji umeme.

Tena kwa vifaa hivyohivyo kulipatikana jambo ambalo nisingeliamini kama lisingepimwa. Mwaka 2000 Jens Jordan na wenzake waliwapa wagonjwa wa neva hizi karibu nusu lita ya maji ya kawaida wanywe, wakawapima. Kwa wenye MSA namba ya juu ilipanda kwa wastani wa zaidi ya 30. Kupanda kulifika kilele baada ya takriban nusu saa. Kwa kijana mwenye afya maji hayo hayabadilishi presha. Kwa hiyo sasa, kliniki inapomaliza kumpima mzee na kuona ameshuka, muuguzi huweza kumpa binti yake maagizo yasiyogharimu kitu: vikombe viwili vya maji pembeni ya kitanda, anywe kabla hajainuka asubuhi, akae ukingoni kidogo, ndipo asimame, na kesho ampime kabla ya maji na baada, aandike zote mbili.